Kurudi, Kurudia, Kurudisha: Kijiji katika Karakana ya Msanii Mkongo

1. Tatizo

Katika uhakiki wa sanaa za Kongo kuna sentensi moja inayotokea mara kwa mara: kwamba fulani ni msanii mkubwa kwa sababu «amerudi kijijini». Husemwa katika hotuba za kufungua maonyesho, huandikwa katika vijitabu vya makumbusho, na wanafunzi huinakili katika kazi zao za kumaliza masomo bila kuipima. Hutamkwa kama sifa. Hata hivyo haielezi ni nani anayerudi, anarudi kwa njia gani, wala ni kitu gani anachokileta katika karakana baada ya safari yake. Zaidi ya hayo, inakaribiana mno na fikra ya enzi ya ukoloni, iliyomwona Mwafrika wa mjini kuwa mgeni wa muda tu, ambaye makao yake ya kweli yalibaki kijijini. Mhakiki anayeitumia bila uangalifu huenda akadhani anamtukuza msanii, kumbe anamfukuza mjini kwa maneno mazuri.

Makala haya yanakusudia kuipima kauli hiyo, na Kiswahili chenyewe kinatoa vipimo. Kitenzi kurudi huzaa kurudia katika kauli ya kutendea, na kurudisha katika kauli ya kutendesha. Anayerudi husafiri yeye mwenyewe. Anayerudia hufanya tena jambo lililokwisha kufanywa. Anayerudisha hukileta kitu mahali kilipokosekana. Vitenzi hivi ni ndugu wa shina moja, lakini kazi zao katika sanaa hazilingani. Mifano itakayochunguzwa ni mitatu: karakana ya Hangar ya Elisabethville, michoro ya ukumbusho ya Katanga, na mji wa karatasi wa Bodys Isek Kingelez.

2. Karakana ya Hangar

Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés, aliyekuwa zamani afisa wa jeshi la majini, alianzisha huko Elisabethville, mji ulioitwa Lubumbashi tangu mwaka 1966, karakana iliyojulikana kwa jina la «Le Hangar», yaani banda. Humo walifanya kazi Pilipili Mulongoy, Mwenze Kibwanga, Bela na wenzao. Mwenye karakana hakutaka wachoraji wake waige picha za Wazungu, wala hakuwafundisha kanuni za Ulaya za kuonyesha umbali na kivuli. Aliwapa rangi na vifaa, akawataka watafute ndani yao na katika mazingira ya walikotoka.

Haki itendeke: katazo hilo liliwaokoa wachoraji wale na uigaji ambao ungeweza kuwaua mapema. Lakini amri ya kurudi si sawa na kurudi. Aliyewaamuru aliamini kwamba ndani ya mchoraji Mwafrika kulikuwa na urithi wa kale uliojificha, ambao ungetokea wenyewe iwapo haungechafuliwa. Marehemu V. Y. Mudimbe, katika kitabu chake The Idea of Africa kilichotolewa mwaka 1994, alikichambua kisa hiki cha Elisabethville chini ya neno la Kifaransa reprendre, yaani kulishika tena jambo lililokatizwa. Uzito wa neno hilo uko katika mkatizo wenyewe. Anayeshika tena anajua kwamba kamba ilikatika, na kwamba fundo atakalolifunga litaonekana. Nadharia ya mwenye Hangar, kinyume chake, ilitaka kamba isiyo na fundo.

Je, kazi zenyewe zinasema nini? Pilipili, aliyezaliwa mwaka 1914 na kufariki mwaka 2007, alikuwa mwana wa mvuvi. Samaki, nyoka, ndege na majani hujaza uso wote wa picha zake. Mara nyingi mnyama mmoja yumo katika kumshika mwingine au kuvizia mayai yake. Hakuna nafasi tupu: mandhari hufunikwa kwa vidoa na vistari vilivyopangwa kwa subira. Mtu anaweza kusema upesi kwamba huu ni mto wa utotoni uliohamia kwenye karatasi. Lakini kabla ya kuingia Hangar, Pilipili alikuwa mpaka rangi wa nyumba. Mkono uliozoea kufunika ukuta mzima, bila kuacha mahali palipo wazi, ulijifunza kazi yake mjini. Samaki walitoka mtoni. Nidhamu ya uso uliojaa huenda ilitokana na ukuta pia. Anayeutaja mto na kuuficha ukuta amesimulia nusu ya habari.

Mwenze Kibwanga, aliyeishi kati ya mwaka 1925 na 1999, anaongeza jambo lingine. Watu na wanyama wake hujengwa kwa mistari mifupi sambamba, inayopishana mwelekeo kutoka kiungo hadi kiungo, kwa rangi chache za udongo. Wahakiki wengi wameihusisha mistari hiyo na ufumaji, kwa kuwa baba yake alikuwa mfumaji. Maelezo hayo yana nguvu, mradi yasigeuzwe kuwa sheria ya damu. Wana wa wafumaji ni wengi, na walio wengi hawakuchora hivyo. Kilichotokea kwa Mwenze ni kwamba tendo la mkono lilihamishwa kutoka uzi hadi brashi, na katika kuhama likabadilika kazi. Katika ufumaji, uzi hushikilia nguo isiachane. Katika picha zake, mstari hushikilia mwili wa swala au wa mwindaji, ambao hauna mpaka mwingine wala kivuli cha kuusimamisha. Hapo si mandhari ya kijiji yaliyorudi, ila mantiki ya kazi.

Bela ndiye anayeidhoofisha zaidi nadharia ya mwenye Hangar. Alikuwa Msara, mtu wa upande wa Chadi, na alichora kwa ncha za vidole. Hakuwa na kijiji katika Katanga cha kurudi mwisho wa juma. Hata hivyo alifanya kazi banda moja na wenyeji, na picha zake hazipungui uhai kwa kulinganishwa na zao. Ikiwa kurudi kwa miguu kungekuwa sharti la sanaa hiyo, Bela angekuwa wa mwisho kati yao.

Romain-Desfossés alifariki mwaka 1954, na karakana yake ikaunganishwa na chuo cha sanaa kilichokuwa kimeanzishwa na Laurent Moonens mwaka 1951. Pilipili na Mwenze wakawa walimu humo. Tangu hapo hatari ya kurudia ikawa kubwa kuliko ya kuiga Ulaya: samaki yule yule, vidoa vile vile, swala yule yule, kwa sababu mnunuzi alikwisha kuvizoea. Kiswahili kina maana nyingine ya kurudi inayofaa hapa: nguo ikifuliwa hurudi, yaani hupungua. Kijiji kinachochorwa mara mia kwa ajili ya mgeni hurudi kwa maana hiyo. Kila mara hubaki kidogo zaidi.

3. Ukumbusho

Katika miaka ya 1970 picha za aina nyingine zilitundikwa katika vyumba vya wageni vya wafanyakazi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Hizi hazikuagizwa na Mzungu mwenye karakana. Zilichorwa juu ya nguo, mara nyingi ya magunia ya unga, zikauzwa kwa bei ndogo kwa watu wa migodi, wa reli na wa ofisi. Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian, walioziandikia mwaka 1976, waliona kwamba wenyewe waliziweka chini ya neno moja: ukumbusho. Ziligawanyika katika mambo ya bankambo, mambo ya zamani na mambo ya sasa. Mandhari ya kijiji, pamoja na nyumba zake za majani, yalihesabiwa katika mambo ya bankambo; picha za Colonie belge, zenye askari na mfungwa anayechapwa, zilihesabiwa katika mambo ya zamani.

Mwanaisimu hawezi kulipita neno hilo. Ukumbusho halitokani na kukumbuka, bali na kukumbusha. Kiambishi cha kutendesha kimo ndani yake. Picha haikumbuki, inamfanya mwingine akumbuke. Basi swali la nani anarudi kijijini linapata jibu jipya: pengine si mchoraji, ni mwenye nyumba aliyeitundika. Wazee wake waliletwa migodini na Union Minière, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906. Yeye mwenyewe analipwa na Gécamines. Watoto wake wanasema Kiswahili, na lugha ya babu zao wanaielewa nusu. Picha ya kijiji ukutani si dirisha la nyumba yake ya likizo. Ni mwanzo wa mazungumzo ambayo bila picha yasingeanza.

Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji mashuhuri kuliko wote katika kundi hili, alizaliwa mwaka 1947 huko huko Elisabethville. Kati ya mwaka 1973 na 1974 alimchorea Fabian historia ya nchi katika picha zipatazo mia, akieleza kila moja kwa Kiswahili cha Katanga; mazungumzo hayo yalitolewa kitabuni mwaka 1996. Huyu ni mtoto wa mjini. Kijiji anachokichora hakukiacha, kwa hiyo hawezi kukirudi. Anakirudisha. Nyumba za majani katika picha zake si kumbukumbu za utoto. Ni hoja katika historia, kwamba kabla ya gereza na bendera kulikuwa na watu waliojitawala. Mhakiki atakayemsifu kwa kurudi kijijini atakuwa hakuitazama picha.

4. Kimbembele Ihunga

Bodys Isek Kingelez alizaliwa mwaka 1948 katika kijiji cha wakulima cha Kimbembele Ihunga, akahamia Kinshasa mwaka 1970, akafanya kazi ya kutengeneza vitu vilivyoharibika katika makumbusho ya taifa kabla ya kujulikana Paris katika maonyesho ya Magiciens de la terre mwaka 1989. Kazi zake ni majengo na miji ya karatasi, boksi na plastiki. Mwaka 1994 aliujenga mji mzima na kuupa jina la kijiji chake: Kimbembele Ihunga. Katika mji huo hakuna kibanda wala shamba la muhogo. Kuna maghorofa ya rangi kali, barabara pana, na uwanja wa mpira.

Wapo watakaosema huku ni kukikana kijiji. Hoja yao haipaswi kudharauliwa: mkulima wa Kimbembele asingejitambua katika barabara hizo, na mji usio na mtu hata mmoja unaweza kuwa ndoto ya mtu mmoja. Lakini Kingelez anakifanyia kijiji chake jambo ambalo Hangar haikulifikiria: anakipa wakati ujao. Kwa wengine, kijiji ndicho kilichopita na mji ndio unaokuja. Kwake, jina la kijiji limewekwa mbele. Anayerudi nyumbani kwa desturi harudi mikono mitupu. Kingelez amerudi na mji mzima mkononi.

5. Hitimisho

Yanayotokana na uchunguzi huu ni mawili. Kwanza, kijiji huifaa karakana kinapoleta namna ya kufanya kazi, kama mstari wa Mwenze, kuliko kinapoleta mada tu. Mada hununuliwa na kuisha; namna ya kazi hukua. Pili, kurudi hakupimwi kwa kilomita. Bela alikuwa mbali, Tshibumba hakuwahi kuondoka, Kingelez alijenga kwao akiwa Kinshasa. Wote watatu walirudisha kitu.

Inabaki maana moja ya kitenzi hiki ambayo wahakiki hawajaitumia. Kumrudi mtoto ni kumrekebisha. Kijiji chema kwa msanii ni kile kinachomrudi: kinachomuuliza kama mkono wake bado unajua kazi, na kama anachokichora kipo au amekiuza zamani. Mwanafunzi atakayeandika tena kwamba msanii «amerudi kijijini» na aongeze basi sentensi ya pili, inayosema kijiji kilimrudi vipi. Akiikosa sentensi hiyo, afadhali aifute ya kwanza.