Severn Ndani ya Mikoko ya Rufiji

Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza huko Zanzibar, kisha ikajichimbia katika delta ya Rufiji. Waingereza waliifungia njia ya kutokea baharini, lakini kuifikia ikawa shida: manowari zao kubwa zingekwama kwenye midomo ya mto, na mikoko iliificha Königsberg isionekane kutoka baharini.

Ikaagizwa Severn. Kiwanda cha Vickers cha Barrow kiliiunda kwa ajili ya mito ya Brazil, lakini vita vilipoanza Agosti 1914 Uingereza ikainunua pamoja na Mersey na Humber, meli mbili za muundo huohuo. Ilikuwa monita, yaani meli ndogo inayobeba mizinga mizito kupita umbo lake, ya kusogea karibu na nchi kavu na kupiga. Ilikuwa na urefu wa meta 81 hivi na uzito wa tani zipatazo 1,260, lakini sehemu iliyozama majini haikufika meta 2. Oktoba 1914 ilishambulia majeshi ya Wajerumani kwenye pwani ya Ubelgiji mpaka mitutu yake ikalika, ikafungwa mizinga miwili mingine ya inchi 6, mmoja mbele na mmoja nyuma.

Severn na Mersey zilivutwa kwa kamba kutoka Malta, zikapita Suez na kufika Mafia mwanzoni mwa Juni 1915. Hapo ziliongezewa mabamba ya chuma na mifuko ya mchanga.

Alfajiri ya tarehe 6 Julai ziliingia mdomo wa Kikunja. Kwa kuwa wapigaji hawakuiona shabaha, ndege iliruka juu yake na kuwatumia masahihisho kwa redio. Kasoro ilijitokeza mapema: monita zote mbili zilipiga kwa wakati mmoja, na mwangalizi angani akashindwa kujua kombora lipi ni la nani. Makombora zaidi ya 600 yalifyatuliwa siku hiyo, yaliyolenga yakawa machache. Wajerumani, waliokuwa na waangalizi wao nchi kavu, waliipiga Mersey na kuua mabaharia. Severn iliposogea iligundua waangalizi wamejificha juu ya mti, ikawashambulia, na shabaha ya Königsberg ikaharibika.

Tarehe 11 Julai utaratibu ulibadilishwa: meli moja ipige, nyingine ingoje. Nahodha Eric Fullerton aliitia Severn nanga, na sasa kila kombora lililoanguka lilikuwa na mwenyewe. Angani, rubani John Cull na mwangalizi Harwood Arnold walirekebisha mlengo hatua kwa hatua. Ndege yao ilipopigwa na kuanza kushuka, Arnold aliendelea kutuma masahihisho hadi walipoanguka majini karibu na Mersey. Wote wawili waliokolewa. Makombora yalikuwa yameshaipata shabaha, Königsberg ikawaka moto, na kamanda wake Max Looff akaamuru ilipuliwe.

Ushindi huo ulikuwa na upungufu mmoja mkubwa. Wajerumani waliopoa mizinga yote 10 ya Königsberg wakaitumia vitani nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, hadi leo. Severn nayo ilibaki pwani hii, na mwaka 1916 ilisaidia kuitwaa Bagamoyo. Mwaka 1921 iliuzwa ikavunjwe kuwa chuma chakavu.