Nani Alimpikia Bwana Wilson?

Mama alilitunza kasha lile juu ya kabati kwa miaka minne kabla ya kuniambia nilichukue. Lilikuwa kasha la bia, limefungwa kwa kamba ya katani, na ndani yake mlikuwa na vitabu vya mzee wa Kiingereza aliyemfanyia kazi Malindi kuanzia 1997. "Alikuwa akivisoma, akivimaliza anaanza tena," aliniambia. "Wewe ni mwalimu wa fasihi, mwanangu. Tazama kama vina faida."

Nilivibeba kwa basi hadi Nairobi, nikavisoma likizo ya Agosti. Nilipofika kitabu cha tatu nikahisi kwamba najua kitakachotokea, kwa kuwa karibu vyote vilikuwa na hadithi moja. Mtu wa nchi ya baridi amechoka na kazi. Anakwenda likizo kusini, anaiona nyumba kuukuu ya mawe, anapiga hesabu, anagundua kwamba pesa zisizomfikisha mbali kwao zinatosha kununua nyumba yenye mizeituni uani. Anahamia. Paa linavuja. Fundi anaahidi kuja Jumatatu bila kusema Jumatatu ya mwezi gani. Jirani ana meno machache na hekima nyingi. Mwishoni kuna karamu.

Kitabu kilichoufanya mtindo huu upendwe ni A Year in Provence cha Peter Mayle, kilichotoka 1989. Mayle alikuwa mtu wa matangazo ya biashara. Yeye na mkewe walinunua nyumba ya shamba yenye umri wa kama miaka 200 karibu na kijiji cha Ménerbes, kusini mwa Ufaransa. Alikusudia kuandika riwaya. Mafundi, wageni na chakula vikamzuia, naye akaandika juu ya hivyo vilivyomzuia. Sura ni 12, Januari hadi Desemba. Sitasema uongo: nilicheka. Upepo wa mistral unapopasua mabomba ya maji kwa baridi mwezi wa Januari, mtu aliyekulia Pwani akijua kusi na kaskazi anaelewa mara moja kwamba upepo nao ni mwenyeji, na una tabia zake. Na hila ya mke wa Mayle ya kuwaalika mafundi karamuni pamoja na wake zao, ili waone haya na wamalize kazi kabla ya Krismasi, mama yangu angeipenda.

Lakini kuna mahali niliacha kucheka. Mayle anaeleza jinsi shamba la mizabibu linavyolimwa kwa kugawana mazao. Yeye mwenye ardhi anagharamia miche mipya. Jirani yake Faustin anafanya kazi yote na kuchukua theluthi mbili za mavuno. Kwa sheria za huko ni mapatano mazuri, na Faustin ana furaha. Hata hivyo tazama jinsi jambo hilo linavyopita: aya chache, tabasamu, kisha tunarudi mezani. Mimi nimekulia Maweni, kati ya watu wanaojua vizuri maana ya kulima ardhi yenye jina la mtu mwingine. Kwa Mayle ni sehemu ya mandhari.

Fundi asiyekuja ndiye kichekesho kikuu cha vitabu hivi. Mjomba wangu alikuwa fundi wa makuti, na alikuwa fundi wa aina hiyohiyo: anaanza paa la mtu, anapotea siku tisa, anarudi na hadithi. Sisi tulijua alikokuwa. Alikuwa juu ya paa la mtu mwingine, kwa sababu msimu wa wageni ni mfupi, na masika yakishaingia hoteli zinafunga na hakuna anayemwita. Alichukua kazi nne kwa mpigo ili ale mwezi wa Mei. Mteja aliyeketi barazani na glasi yake aliuita huo mwendo wa polepole. Mjomba hakuwa polepole hata siku moja maishani mwake.

Kiswahili kina neno moja, rahisi, kwa kitu cha bei ya chini na kwa jambo lisilo na ugumu. Vitabu hivi vinaishi ndani ya neno hilo. Mwandishi anakuja kutafuta maana ya kwanza, anaandika juu ya maana ya pili, na haonyeshi jinsi moja inavyozaa nyingine: maisha yake hayana ugumu kwa sababu kuna mtu wa bei ya chini aliyeamka saa kumi alfajiri kuuchukua huo ugumu.

Si wote wana kosa hili kwa kiasi kimoja. Chris Stewart, aliyewahi kupiga ngoma katika bendi ya Genesis ilipoanza, alihamia shamba la El Valero katika milima ya Alpujarras, kusini mwa Hispania, akaandika Driving Over Lemons (1999). Nampenda kwa sababu anachafuka. Anakata manyoya ya kondoo, anachimba, anafunzwa na jirani yake Domingo. Pedro Romero, aliyemuuzia shamba, anaendelea kukaa palepale kwa muda, hivyo muuzaji na mnunuzi wanatazamana kila asubuhi. Hilo ni jambo kubwa, kwa sababu katika vitabu vingine muuzaji hupotea akishatia sahihi. Na Stewart hafichi kwamba pesa zikipungua anapanda kwenda Sweden kukata manyoya huko. Maisha ya jua yanalipiwa na mshahara wa baridi. Angalau yeye ameiacha risiti mezani.

Milima hiyohiyo ilikuwa na mgeni mwingine kabla yake. Gerald Brenan alitoka Vita Kuu ya Kwanza akiwa na pesa kidogo na hamu kubwa ya kusoma, akatafuta mahali ambapo pesa hizo zingechukua muda mrefu kwisha. Alikaa kijiji cha Yegen, akapelekewa kama vitabu 2,000, na mwaka 1957 akatoa South from Granada. Kwa maoni yangu ndicho kitabu bora cha ukoo huu. Brenan hashughulishwi sana na paa lake. Anaandika juu ya kijiji, harusi zake, chakula chake, imani zake, nani hasemi na nani. Ameuliza maswali na kusikiliza majibu.

Kwa hiyo nilichojua baadaye kiliniuma zaidi. Brenan alizaa binti na msichana aliyekuwa mtumishi nyumbani kwake Yegen. Mtoto alizaliwa 1931, akalelewa na Brenan na mkewe, mbali na mama yake. Hayo yamo katika maandishi ya waliosimulia maisha yake. Katika South from Granada hayamo. Mtu aliyekuwa na jicho kali kuliko wote, aliyejua mila ya kila nyumba kijijini, aliifunga kalamu alipofika jikoni kwake mwenyewe.

Hapo ndipo nilipoifikia hadithi ambayo nadhani mzee wetu aliisoma mara nyingi kuliko zote. Ni hadithi fupi ya Somerset Maugham, The Lotus Eater, iliyomo katika mkusanyo wake wa 1940, The Mixture as Before. Wilson ni meneja wa tawi la benki London. Mkewe na bintiye wamefariki. Anakwenda likizo kisiwa cha Capri, Italia, anaushangaa mwezi juu ya bahari, na hataki tena kurudi. Anapiga hesabu kama mtu wa benki: pesa zake zitamnunulia mapato ya miaka 25, hadi afikishe 60. Baada ya hapo, anasema, atajitoa duniani kwa hiari. Miaka 25 ya raha inapita. Siku inafika, na Wilson hana tena nguvu ya kutenda alichopanga. Raha imeidhoofisha nia yake. Anaishi kwa kukopa. Mwishowe anajaribu, anashindwa, na akili yake hairudi sawa. Assunta, mwanamke aliyemtumikia miaka yote hiyo, pamoja na mumewe, wanampa kibanda chao cha kuni. Anaishi humo miaka sita.

Pembeni mwa ukurasa wenye hesabu za Wilson, mzee wetu alikuwa ameandika kwa penseli hesabu zake, mistari mitatu ya kutoa.

Alikuwa na sababu. Uingereza humlipa mstaafu wake anayeishi Kenya pensheni ya serikali bila nyongeza ya kila mwaka. Kiwango hubaki palepale kilipokuwa. Mstaafu anayeishi Ufaransa au Hispania huongezewa. Hivyo akina Mayle walizeeka kwa utaratibu mmoja na mzee wa Malindi kwa mwingine. Mwaka 1997 pensheni yake na akiba kidogo vilitosha kodi ya nyumba ya makuti upande wa Casuarina, mpishi ambaye ni mama, mlinzi, na kijana wa bustani. Miaka ikapita. Kijana akaachishwa kwanza, halafu mlinzi. Mama akaanza kupika, kufagia, kumwagilia maua na kulala huko siku ambazo mzee anaumwa. Mshahara ukawa nusu, kisha ukawa ahadi. Mwanzoni mwa 2016 mwenye nyumba alitaka nyumba yake, na mama akamleta mzee kwetu Maweni, katika chumba alichokitumia kaka yangu kabla ya kuoa. Alikaa nasi miezi 14, akafariki Machi 2017.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kanuni za uhamiaji za Kenya zinasema kinyume: mgeni anayetaka kibali cha daraja K lazima awe na umri wa miaka 35 au zaidi, awe na mapato ya uhakika yasiyopungua dola 24,000 kwa mwaka, na aahidi kutofanya kazi ya kulipwa. Ninaelewa kwa nini. Lakini mtu asiyeshika jembe lazima ashikiwe na mwingine, na siku mapato yanapokoma, aliyelishika ndiye anayebaki naye.

Maugham analijua hilo, ndiyo maana hadithi yake inasimama juu ya vile vitabu vya karamu. Yeye peke yake ameuliza: pesa zikiisha kabla ya maisha, je? Hata hivyo swali lake ni la Wilson peke yake. Anataka kujua raha inamfanya nini mtu mwenye raha. Niligundua upungufu huo siku nilipomsimulia mama hadithi nzima, akiwa barazani anachambua mchele. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akauliza, "Huyo Assunta alikuwa anadai mishahara ya miezi mingapi?"

Nikamwambia mwandishi hakusema.

"Na alimpikia nini? Maana yetu huyu hakula ugali. Nilikuwa namtafutia viazi, na viazi Malindi si bei ya mchezo."

Hayo nayo hayakuwamo. Nikamuuliza kama yeye alimchukua mzee kwa huruma. Mama akapepeta ungo, akapuliza makapi.

"Huruma gani? Nilikuwa namdai miezi kumi na mmoja. Mdeni wako akifia barabarani utamdai nani?" Halafu akacheka, na mpaka leo sijui alitania kiasi gani. Najua kwamba baba hakusema naye wiki mbili nzima mzee alipoletwa. Najua pia kwamba usiku mzee alipokohoa, mama ndiye aliyeamka.

Kama mhakiki ningeweza kuishia hapo, nikiwa upande wa haki. Ukweli ni kwamba mimi nami nimekuwa nikipiga hesabu. Kodi ya vyumba viwili Nairobi, pamoja na nauli, inamaliza mshahara wangu. Miaka miwili sasa ninawaambia rafiki zangu kwamba nikistaafu mapema nitarudi Malindi, maisha ya huko ni rahisi, nitaandika asubuhi na kuogelea jioni. Nilimwambia hivyo mama pia. Nilisema "rahisi", mimi mwenye kulichambua neno hilo darasani. Katika picha niliyoiona kichwani, chakula cha mchana kilikuwa tayari mezani, na sikuwa nimejiuliza kimetoka kwa nani. Mama ana miaka 68.

Nilipolirudisha kasha tupu, alinidai kitu kimoja. Chini kabisa, chini ya Brenan, mlikuwa na daftari la kurasa 96 ambalo nilidhani ni la mzee. "Hicho si chake," mama alisema. "Hicho ni changu."

Ni la mwandiko wake, kalamu ya bluu, kila siku mstari mmoja: viazi, mkate, tokeni za umeme, dawa ya kifua, nauli ya tuktuk hadi hospitali. Mbele ya kila kitu kuna bei yake. Hakuna machweo ya jua wala jirani mwenye hekima. Ukurasa wa mwisho ni wa Machi 2017: sukari, majani ya chai, sabuni, kitambaa cheupe mita nne. Chini yake amepiga mstari kwa rula, kama mtu anayetaka kujumlisha. Hakuandika jumla.