Mboga Gani Leo?

Kila ninapomwambia msomaji mwenzangu kwamba nimeacha nyama, samaki, mayai na maziwa, swali huwa lile lile: umesoma The Vegetarian? Nimeisoma mara tatu, kwa Kiingereza. Han Kang aliitoa Korea Kusini mwaka 2007, tafsiri ya Deborah Smith ikatoka 2015 na kushinda Tuzo ya Kimataifa ya Man Booker mwaka uliofuata, na mwaka 2024 mwandishi akapewa Nobeli ya Fasihi. Ni riwaya nzito na nzuri. Lakini kwa mtu aliyeacha nyama ni rafiki wa ajabu: inamwelewa shida yake yote, kisha inamwacha na njaa.

Yeong-hye anaota ndoto ya damu, anaamka usiku na kuitoa nyama yote kwenye friji. Mayai na maziwa nayo yanafuata. Kwa lugha ya leo tungemwita vegani, neno lililobuniwa Uingereza mwaka 1944. Sehemu ya kwanza inasimuliwa na mumewe, ya pili inamfuata mume wa dada yake, ya tatu inamfuata dada mwenyewe, In-hye. Yeong-hye hapewi nafasi ya kujieleza ila kwenye vipande vya ndoto. Tukio lisilosahaulika ni la chakula cha familia: baba anampiga kofi, ndugu wanamshika, nyama inasukumwa mdomoni mwake kwa nguvu. Yeye anachukua kisu na kujikata mkono.

Wahakiki wengi husema riwaya hii haihusu nyama, inahusu ukatili wa wanaume. Sioni kwa nini tuchague. Mfumo dume nao hukaa kula, na una kipande chake kwenye sufuria.

Kwetu kipande hicho ni firigisi. Kwa bibi yangu mzaa mama, Singida, mkoa unaosifika kwa kuku wa kienyeji, firigisi ilikuwa ya babu. Tangu afariki, hupewa mgeni wa kiume aliyefika siku hiyo. Likizo iliyopita mgeni alikuwa mimi. Nilikuwa nimetoa taarifa mapema kwa simu, lakini taarifa ya simu haimzuii bibi kukimbiza kuku. Tulipokaa mkekani nikasema kwa upole kwamba nitakula ugali na mlenda.

"Kwani kuku wangu amekukosea nini?" bibi akauliza.

Watu wakacheka. Kisha likaja swali zito zaidi: nani atakula firigisi? Mjomba alikuwa safarini. Bakuli likazunguka, likarudi, na mwishoni mama akaichukua akaila. Amepika kuku maisha yake yote. Sikumbuki kumwona akila firigisi kabla ya siku ile.

Hakuna aliyenipiga kofi. Hapo ndipo Han Kang alipoanza kunisomea mimi. Mwanamume akikataa nyama, anaonekana ameacha haki yake. Atataniwa, ataitwa mbuzi, jioni yamekwisha. Dada yangu aliwahi kuacha nyama kwa miezi michache, na kila mtu alikuwa na neno: ana mimba, ana maringo, ataolewa na nani, atawapikia nini wanawe? Kinywa cha mwanamke kina wasimamizi wengi. Riwaya inalijua hili kuliko kijitabu chochote cha lishe.

J. M. Coetzee analijua kwa namna nyingine. Katika The Lives of Animals, kitabu cha 1999, mwandishi mzee Elizabeth Costello anahutubia chuo kimoja Marekani kuhusu mateso ya wanyama. Hotuba zake ni kali, lakini mimi hubaki nyumbani kwa mwanawe, ambako mkwe wake Norma amechoshwa naye, na wajukuu wanakula chumba kingine kwa sababu wana kuku kwenye sahani. Costello ana hoja za kuwashinda maprofesa. Hana hoja ya kumshinda Norma, kwa kuwa Norma ndiye anayepika.

Waandishi hawa wawili wanakubaliana kwamba kukataa chakula ni kuukataa mkono uliokitenga. Hiyo ni kweli, na ndiyo karaha kubwa ya njia hii. Karaha nyingine ni ndogo: mama lishe kukupakulia maharage kwa upawa uliotoka kwenye mchuzi wa nyama; chai inayoletwa na maziwa kabla hujasema; vidonge vya vitamini B12, kwa sababu mimea haikupi ya kutosha. Hizo huzoeleka. Mkono wa bibi hauzoeleki. Siku nyingi za mwaka bibi hula maharage na mlenda kwa sababu ndivyo vilivyopo. Anayekosa nyama na anayeikataa wanakula sahani ileile, lakini ni mmoja tu aliyechagua. Kuku ndicho kitu bora alichokuwa nacho, na nilimwachia akitazame.

Ninapoachana na vitabu hivi ni kwenye sahani yenyewe. Yeong-hye anakula nini? Mumewe anatuambia: majani, kimchi, supu ya mwani isiyo na nyama. Sahani inasimuliwa kwa kile kisichokuwamo, kwa sababu msimulizi ndiye aliyenyang'anywa. Baadaye Yeong-hye anataka kuwa mti, anakataa kila kitu, na safari iliyoanza kwenye friji inaishia hospitali. Costello naye anaishia kwenye machozi. Fasihi imempa asiyekula nyama ndoto, hoja na ugonjwa. Haijampa utamu.

Huenda lugha ni sehemu ya tatizo. Kichwa cha Kikorea cha riwaya, chaesikjuuija, kina itikadi ndani yake: ni mfuasi wa ulaji mboga. Kwetu bara, mboga ni chochote kinachosindikiza ugali. "Mboga gani leo?" "Nyama." Kwa hiyo ukisema unakula mboga tu, hujasema kitu. Ukisema huli nyama, utaulizwa kama unakula kuku. Mwanzoni hili lilinikera. Sasa naona neno hili limenipa kitu ambacho Yeong-hye hakuwa nacho: swali la "mboga gani" halimtengi mtu, linataka jibu tu. Naweza kujibu kisamvu kilichotwangwa, kikachemshwa hadi kikalainika, kikaungwa kwa karanga na tui zito. Naweza kujibu mlenda wa bibi, ambao kwa miaka yote niliusukuma pembeni kumpisha kuku, na ambao sikuwahi kuuonja sawasawa hadi likizo ile.

Hilo si jibu kwa baba mwenye kofi, wala halimfidii bibi. Lakini lingebadilisha riwaya. Ningetoa sura nzima za mume yule nipewe ukurasa mmoja wa Yeong-hye akiwa peke yake jikoni, akiionja supu yake ya mwani, akituambia mwenyewe kama chumvi imekolea.