Muhuri Hauzuii Mafuta: Maoni Juu ya Istilahi za Difu

Rasimu inayohakikiwa hapa ni tafsiri ya sura moja ya mwongozo wa makanika. Inaeleza namna ya kubadili beringi na sili katika difu ya gari la zamani la mbio, Datsun 240Z. Gari hilo si geni katika Afrika Mashariki. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo mbio za Safari mwaka 1971, na Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda nalo mwaka 1973. Mfasiri anastahili pongezi, kwani sentensi zake ni nyoofu na hatua za kazi amezipanga vizuri. Hata hivyo, istilahi zake nne zina kasoro, na kasoro hizo zinaweza kuharibu chuma, si lugha tu.

Kabla ya kuandika maoni haya niliisoma sura hiyo mbele ya mafundi wa gereji moja katika kata ya Ruanda, wilayani Mbinga, kandokando ya njia ya malori yachukuayo makaa ya mawe ya Ngaka. Mafundi hao hawana Datsun ya mbio. Lakini difu ni difu: hupokea nguvu ya injini, huipeleka kwenye magurudumu, na huyaruhusu magurudumu mawili kuzunguka kwa kasi mbalimbali gari likatapo kona.

Istilahi ya kwanza ni *gololi*, aliyoitumia mfasiri kwa kila beringi. Nilipofika kwenye maneno "toa gololi kuukuu, weka mpya", kijana mwanagenzi aliinuka akaleta kopo la gololi za baiskeli. Hakukosea yeye, aliyekosea ni mwandishi. Beringi kuu zinazobeba pinioni na krauni katika difu hiyo hazina gololi. Zina vyuma vya mviringo vilivyonyembelea upande mmoja, ili viweze kuhimili msukumo wa pembeni pamoja na uzito wa juu. Sisi tunalo neno *pia*, mchezo wa watoto ambao wanahisabati wameuazima kutaja umbo la namna hiyo. Basi tuseme *beringi ya gololi* na *beringi ya pia*. Kiunganishi "ya" kisiachwe, kwani "beringi pia" itasomeka kama "beringi vilevile".

Istilahi ya pili ndiyo mbaya kuliko zote: *muhuri*. Neno la Kiingereza lililotafsiriwa lina maana zaidi ya moja, nayo kamusi ikampa mfasiri ile ya ofisini. Muhuri hugongwa juu ya karatasi. Kifaa hiki huvaa mhimili unaozunguka na kuzuia mafuta yasivuje. Rasimu inaagiza "mdomo wa muhuri uelekee ndani", na hapo gereji nzima iliangua kicheko. Agizo lenyewe ni la maana sana, kwa sababu mdomo ukielekea nje mafuta yatavuja, na difu iliyokauka mafuta haifiki mbali.

Mhariri mmoja amependekeza *kizibo*. Pendekezo hilo lina asili nzuri ya Kibantu, ila kizibo kimekwisha kupata kazi katika difu hiyo hiyo: kuna kizibo cha kujazia mafuta na kizibo cha kumwagia. Fundi akiambiwa abadili vizibo atabadili hivyo, na sili tatu, moja ya pinioni na mbili za pembeni, zitabaki zilivyo. *Sili* ni fupi, inatamkika, na mafundi wanaijua. Ikubaliwe.

Istilahi ya tatu ni *mzigo wa awali*. Huko Ruanda mzigo ni makaa yaliyo juu ya lori. Kinachokusudiwa hapa ni kule kuzibana beringi kwa kiasi maalumu wakati wa kufunga, kabla gari halijafanya kazi. Zikilegea, pinioni hucheza na meno hulika. Zikikazwa mno, hupata moto na kuungua. *Mbano wa awali* unaeleza jambo hilo bila kuhitaji tanbihi.

Ya nne ni *kitofautishi*, yaani difu yenyewe. Kwa mantiki halina ubaya, lakini hakuna aliyelitambua mpaka nilipomwonyesha picha. Litumike darasani mwalimu akieleza kanuni, na katika mwongozo wa kazi *difu* litangulie.

Najua wako watakaosema kwamba kuyapokea maneno ya gereji ni kukifungulia Kiingereza mlango. Utaratibu wetu unatutaka tutafute kwanza ndani ya Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, ndipo twende kwingine. Nauheshimu utaratibu huo, na ndio ulionipa pia na mbano. Lakini hautuamuru tulifukuze neno lililokwisha kuingia na kufanya kazi. Wataalamu wa kilimo wanaoandika juu ya yale mashimo yanayohifadhi udongo wa milimani Umatengo hulitumia jina la wakulima. Wakulima husema *ngoro*, nao huandika ngoro. Fundi wa gereji naye asikilizwe vivyo hivyo.

Kwa hiyo napendekeza yafuatayo kabla rasimu haijapigwa chapa:

*beringi ya pia*: beringi yenye vyuma vilivyonyembelea upande mmoja;
*sili*: kifaa chenye mdomo kinachozuia mafuta kuvuja penye mhimili unaozunguka;
*mbano wa awali*: kiasi cha kubanwa kwa beringi wakati wa kufunga;
*difu*: mtambo wa gia unaogawa nguvu kwa magurudumu mawili.

Aidha, rasimu ya namna hii isomwe gerejini kwanza, kisha iletwe kwenye kamati. Yule mwanagenzi mwenye kopo la gololi alituonyesha kwa dakika moja kosa ambalo sisi tuliokaa mezani hatukuliona.