Mkia wa Tatu

Basi la alfajiri kutoka Bukoba lingenishusha karibu na mlango wangu. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, mabasi ya Kagera hayasubiri kivuko tena. Yanapita juu ya ghuba, kilomita tatu za zege, na abiria hajamaliza kushangaa maji anajikuta Usagara, njia panda ya Shinyanga, ambako ndiko kwangu. Mwanangu alinipigia simu mara mbili kunikumbusha. Nikamwambia magoti yangu hayataki basi, nikakata tiketi ya meli, daraja la pili, kukaa.

Mpwa wangu anayerudi likizo kutoka Ulaya ananiambia ndege za usiku nazo siku hizi zina daraja la namna hiyo, katikati ya wanaolala kitandani na wanaobanana. Mguu unapata nafasi kidogo, mgongo wa kiti unalala kidogo, na nauli inauma si kidogo. Virgin Atlantic walianza kuliuza 1992. Aliponieleza nilicheka. Enzi za East African Railways and Harbours treni na meli za huku zilishakuwa na daraja la pili, na aliyekaa humo alijua vizuri kabisa yuko juu ya nani na chini ya nani.

Meli yenyewe ni Victoria. Tangu ukarabati uliokamilika 2020 inaitwa New Victoria Hapa Kazi Tu, ingawa gatini sijamsikia mtu akilimaliza jina hilo lote. Iliundwa Scotland na kampuni ya Yarrow, ikaletwa vipande vipande hadi Kisumu, ikaungwa huko na kuanza kazi 1961. Zamani ilizunguka ziwa, Kisumu, Port Bell, Bukoba, Mwanza, Musoma, na abiria aliweza kulala nchi hii akaamkia nyingine. Sasa ni Bukoba na Mwanza, usiku mmoja, na kusimama Kemondo gizani kwa ajili ya ndizi.

Kiti kilikuwa kizuri, nisikisingizie. Tatizo lilikuwa usingizi wangu, ule wa watu wazima, unaobisha hodi kisha ukaghairi kuingia. Tulipoacha taa za Bukoba nikajifunga khanga ya pili, nikatoka nje, nikaelekea nyuma ya meli.

Chini ya taa alikuwa ameketi baharia wa makamo yangu juu ya ndoo iliyopinduliwa, kamba imemlalia mapajani. Kamba ya nailoni, nene kama kifundo cha mkono wangu, ya rangi ambayo zamani ilikuwa nyeupe. Pembeni yake alichuchumaa kijana wa miaka ishirini na kitu.

“Habari za usiku, baba.”

“Nzuri, mama. Kiti kimekushinda?”

Nikamwambia kimenishinda. Akanisogezea kreti tupu la soda kwa mguu, akarudi kwenye kamba. Hatukuongea tena kwa muda mrefu, na wala sikuona kama nimenyimwa maneno.

Kitanzi cha mwisho wa kamba hiyo kilikuwa kimelika. Ndicho kinachovalishwa kwenye nguzo ya chuma gatini, na ndicho kinachosuguliwa meli inapopanda na kushuka na mawimbi usiku kucha. Baharia alipitisha kidole gumba ndani yake, taratibu, kama mtu anayepapasa paji la uso la mtoto mwenye homa. Nyuzi zilikuwa zimesimama manyoya. Akatafuta pale uzima unapoanzia, akapita kidogo zaidi ya hapo, akafunga utepe mweusi mizunguko minne, kisha akakata juu ya utepe kwa msumeno wa kukatia chuma. Kitanzi kibovu hakukitupa. Alikiweka kando, kwa kuwa vitanzi vibovu vikikusanywa na kusukwa pamoja huning’inizwa ubavuni, vikazuia meli isijigonge gatini.

Kisha vipimo. Hakuwa na futi. Dhiraa tatu, kiwiko hadi ncha ya kidole, kutoka ncha iliyokatwa. Hapo akafunga kamba nyembamba kwa nguvu mpaka ikazama. Kutoka hapo pima moja, mkono hadi mkono, akatia alama ya chaki. Pima hiyo ndiyo ingekuwa duara la kitanzi, na dhiraa tatu ndizo zingeliwa na kazi. Kijana alikwisha kuinamia ncha na kuanza kuifumua.

“Koti lake?” mzee akauliza.

Kijana akajishika kichwa. Koti ni kipande cha mpira wa zimamoto, ule wa turubai, uliochakaa. Huvalishwa kamba pale kitanzi kitakapokumbatia nguzo, chuma kisile nyuzi. Lazima livae kabla kitanzi hakijafungwa, kwani kikishafungwa haliingii tena. Likaingizwa, likasukumwa hadi mahali pake.

Ndipo ncha ikafumuliwa. Kamba ya aina hii ni misokoto mitatu iliyojipinda pamoja, na kila msokoto ni mamia ya nyuzi. Ikifumuliwa inabaki mikia mitatu, kila mmoja ukiwa bado na mawimbi ya mahali ulipokuwa umelala. Nimesuka ukili na nimesuka vichwa vya mabinti watatu. Najua nyuzi zinavyotaka kurudi zilikozoea. Mzee alifunga kila mkia utepe mwishoni usichanue, akauyeyusha ncha kwa kiberiti cha gesi, akaubinya kwa kidole kilicholoweshwa mate. Harufu ya nailoni ikapita, upepo ukaichukua.

Kifaa chake kikubwa kilikuwa kipande cha mti mgumu, urefu wa mkono, kilichochongwa kama pembe ya ng’ombe na kung’arishwa na miaka ya viganja. Ni msharasi wa fundi viatu, ila wa kamba. Alikunja kamba mpaka alama ya chaki ikakutana na mahali mikia ilipoanzia, akaushika msokoto mmoja wa mwilini, akazungusha mkono kinyume cha mpindo kidogo tu. Msokoto ukafunua mdomo. Mti ukaingia. Kando ya mti akapenyeza mkia wa katikati, akachomoa mti, akavuta. Mkia wa kushoto ukaruka juu ya msokoto ule ule na kuzama chini ya unaofuata. Yote hayo yalichukua muda wa kutafuna buni mbili za kahawa. Najua kwa sababu alikuwa akizitafuna, hizo kahawa kavu za Bukoba, na hakuongeza nyingine kabla hajamaliza mkia.

Hapo injini ikabadilisha sauti. Kemondo.

Akaikusanya mikia mitatu, akaifunga kwa uzi, akaiviringisha ndani ya gunia, akaenda kazini na kijana wake nyuma. Nikabaki naangalia mikungu ikiingia. Makuli walipanga ndizi kwa mstari, vikonyo upande mmoja, na mtu mwenye tochi alisimama mlangoni akihesabu na kuandika, akamrudisha mmoja, akahesabu upya. Abiria mmoja mgeni alinung’unika kwamba tunacheleweshwa. Hakuna aliyemuunga mkono. Mv Bukoba ilipita hapa hapa Kemondo usiku wa kuamkia 21 Mei 1996, ikazama kabla ya kufika Mwanza, na makaburi ya waliokufa humo, pale Igoma, hatuendi kuyatazama ili tukumbuke. Tunayakumbuka kila mtu wa meli anapohesabu. Acha ahesabu.

Saa ngapi waliporudi sikutazama. Mzee alinawa mikono, akafungua gunia, akampa kijana mti. Uliobaki ulikuwa mkia wa tatu.

Ningeulizwa mimi ningesema wa tatu ni rahisi, miwili imekwisha. Si hivyo. Mikia miwili ya kwanza unaiona inakokwenda. Wa tatu unakulazimisha kuigeuza kamba nzima, mgongo uwe tumbo, na hapo macho hudanganyika: kulia kumekuwa kushoto, na mkono unataka kuupitisha mkia upande unaoonekana rahisi. Kijana aliugeuza, akatafuta msokoto ambao haujapata mkia, akaupata, akapenyeza, akavuta. Kwa macho yangu kilikuwa kitanzi.

Mzee aliangalia. Hakusema neno. Aliweka kidole juu ya mkia wa kwanza, akafuata unakoelekea. Juu ya wa pili, akafuata. Juu ya wa tatu, na kidole kikaenda upande wa pili. Mikia miwili ilikuwa inakwenda kinyume na mpindo wa kamba, mmoja unakwenda na mpindo. Kijana akauchomoa. Mzee akatikisa kichwa, akachomoa na ile miwili aliyoipenyeza yeye mwenyewe kabla ya Kemondo, kazi isiyo na kosa lolote, akampa kijana mikia yote mitatu.

Kijana alianza mwanzo. Alikosea tena palepale. Mikia yote ikatoka tena. Mara ya tatu aligeuza kamba, akafumba macho, nadhani ili yasimdanganye, akapapasa. Mkia ukaingia kutoka kulia kwenda kushoto kama wenzake, na yote mitatu ikatokeza usawa mmoja, kila mmoja kwenye mwanya wake. Mzee akatoa kahawa mfukoni, akampa tatu.

Baada ya hapo kazi ilipata mwendo. Juu ya mmoja, chini ya mmoja; juu ya mmoja, chini ya mmoja. Kila mzunguko ulipokamilika alivuta mikia kwa zamu, si kwa ubavu bali kwa kulala nyuma na uzito wa mwili, kisha akaigonga kwa nyundo ya mti. Kamba ya katani, alinieleza, inaridhika na mizunguko mitatu. Nailoni inateleza, hivyo anaipa mitano. Nikamuuliza kwa nini wasipige fundo tu, yaishe. Akasema fundo linaikunja kamba vibaya na kuila karibu nusu ya nguvu zake, wakati mkia uliosukwa unabanwa na kamba yenyewe, na kadiri meli inavyovuta ndivyo unavyobanwa.

Baada ya mzunguko wa tano alifanya jambo ambalo lingeweza kuachwa. Alichambua kila mkia, akakata nusu ya nyuzi, akasuka mzunguko wa sita kwa wembamba huo. Akapunguza tena, wa saba. Unene ukashuka kidogo kidogo hadi kuwa kamba, bila kovu. Akaweka kitanzi chini, akakiviringisha kwa soli ya kiatu, mbele na nyuma, mpaka misokoto ikakubali majirani zake. Ncha zilizobaki alizikata akiacha urefu wa ukucha, akaziyeyusha. Zikikatwa hadi kugusa mwili wa kamba, alisema, siku ya kwanza ya upepo zinarudi ndani.

Nililala kidogo, hapo hapo juu ya kreti. Niliamshwa na baridi na milima ya mawe ya Mwanza, bado meusi, mbingu nyuma yake imeanza kuwa nyekundu.

Gati la Mwanza Kaskazini lilipokaribia, kijana alisimama nyuma na kamba nyembamba yenye kishada kizito mwishoni, nusu yake mkono wa kulia, nusu kushoto. Akairusha. Ilipaa juu ya maji, ikaangukia miguuni mwa mtu wa gatini, ambaye aliivuta mkono kwa mkono mpaka kamba nene ikatoka majini nyuma yake ikichuruzika, na kitanzi kipya kikiwa na koti lake la zimamoto.

Kwenye nguzo palikuwa na kitanzi cha chombo kingine. Nilitegemea angeweka chetu juu yake. Mtu wa gatini aliinama, akakipitisha chetu kutoka chini, ndani ya kile cha mwenziwe, akakipandisha, kisha akakivalisha nguzo. Hivyo chombo chochote kati ya hivyo viwili kinaweza kuondoka kwanza bila kukisumbua kingine.

Winchi ikaanza kuvuta. Kamba ikanyooka, ikanyanyuka juu ya maji, na maji yakakamuliwa kutoka kwenye misokoto yakawa mvuke mwembamba. Mizunguko saba ikakaza. Meli ikasimama.

“Mwangaluka,” mtu wa gatini akasalimia.

Kijana aliitikia akiwa ameinamia reli, macho hayabanduki kwenye nguzo. Mzee hakuwa anatazama huko. Alikuwa ameshaburuta kamba nyingine chini ya taa ambayo bado haijazimwa, na kidole gumba kilikuwa ndani ya kitanzi chake, kinapapasa.