Mto Tana Katika Mkataba wa Watu Wengine

Mkataba ni maandishi kama hadithi. Una msimulizi, una wahusika, una mambo ambayo umeamua kuyanyamazia. Shida ni kwamba tumewaachia mawakili na walimu wa historia, na sisi watu wa fasihi tukabaki na riwaya. Hebu leo tusome miwili kwa jicho la mhakiki: nani anaongea humu ndani, na nani anaongelewa tu?

Wa kwanza dunia nzima inaujua. Moscow, tarehe 23 Agosti 1939, Molotov na Ribbentrop waliweka sahihi mkataba wa kutoshambuliana, Stalin akiwa papo hapo. Serikali ya Hitler na ya Stalin zilikuwa zimetukanana kwa miaka, sasa ghafla zinaahidi amani ya miaka 10. Vifungu ni 7, na lugha yake ni ya adabu hadi inachosha. Lakini utamu, kama kawaida, ulifichwa. Kulikuwa na kiambatisho cha siri kilichogawa nchi za watu: hii yako, hii yangu. Poland ilikatwa kwa kufuata mito Narew, Vistula na San. Siku 9 baadaye Ujerumani ikaivamia Poland, na tarehe 17 Septemba Wasovieti wakaingia kutoka mashariki. Moscow ilikana kiambatisho hicho hadi 1989.

Mto kama kisu. Hapo ndipo msomaji wa Garsen anaweza kusema, ngoja, hii nimeiona.

Mkataba wa pili ni wa 1886, kati ya Uingereza na Ujerumani. Wengi wetu tuliukariri kwa ajili ya mtihani: mstari kutoka mdomo wa Umba hadi Ziwa Victoria, Kilimanjaro ikabaki upande wa Wajerumani. Sultani Barghash wa Zanzibar akaachiwa visiwa, ukanda wa pwani wa maili 10 unaoishia Kipini, na bandari kadhaa za kaskazini. Kila dola iliahidi kutochukua ardhi katika eneo la mwenzake wala kumpinga huko. Yaani usiniguse, sikugusi. Barghash hakuwa mmoja wa walioandika; alitakiwa kukubali tu.

Sasa soma mpaka wa kaskazini wa eneo la Waingereza. Unaanzia mdomo wa Tana, unafuata mto huo au vijito vyake, hadi pale Ikweta inapokutana na nyuzi 38 za mashariki. Simama kwenye hilo neno dogo, "au". Mtu anayejua mto hawezi kuandika hivyo. Kijito gani? Cha upande upi? Mwandishi hajali, kwa sababu msomaji anayemwandikia yuko Berlin, hayuko Ngao wala Kipini. Na Tana yenyewe haitulii. Mfereji wa Belezoni ulichimbwa kuiunganisha na Ozi, na baadaye maji yakaamua kupita huko kuelekea Kipini. Mstari wa wino umelala pale pale, mto umeshahama.

Kuna atakayesema nalinganisha visivyolingana. Uingereza ya wakati ule ilikuwa na bunge, haikuwa ya Hitler. Kweli, na mauaji yaliyofuata 1939 yana uzito wake wa pekee. Lakini bunge hilo lilikuwa la nani? Hakuna Mpokomo wala Muorma aliyempigia kura mtu yeyote kule London. Kwa aliyekuwa ukingoni mwa Tana, ile dola ilitawala bila kuulizwa. Huo kwake ulikuwa udikteta, hata kama nyumbani kwao waliuita jina lingine.

Na mkataba kama huu hulinda walioweka sahihi tu. Muulize Witu, jirani wa Garsen. Tangu 1885 sultani wake alikuwa chini ya ulinzi wa Wajerumani. Tarehe 1 Julai 1890 Berlin ikaiachia Uingereza Witu, katika mapatano yale yale yaliyoipa Ujerumani kisiwa kidogo cha Heligoland. Septemba, Mjerumani Küntzel na wenzake wakauawa Witu. Oktoba, Admirali Fremantle akafika na jeshi, akauchoma mji. Mataifa mawili makubwa hayakupigana. Witu ndiyo iliungua.

Halafu historia ikafanya mzaha wake mchungu. Wapoland waliosombwa na Wasovieti hadi Siberia baada ya 1939 waliishia kwetu: maelfu yao walifikishwa kambi za wakimbizi za Tengeru karibu na Arusha na Masindi huko Uganda. Waliokatwa na mstari mmoja wakaja kulala kwenye ardhi iliyokatwa na mwingine.

Kwani haya yana kazi gani leo? Agosti 2012 zaidi ya watu 50 waliuawa Reketa, Septemba ikawa zamu ya Kilelengwani, Desemba Kipao. Wakulima na wafugaji, mto mmoja. Tangu hapo mapatano ya amani yamekuwa mengi, na mengi yanahusu malka, zile njia za kufikisha mifugo majini katikati ya mashamba. Tofauti na karatasi ya 1886, mzee anayekubali malka ipite hapa anajua ni shamba la nani, na kesho yake atakutana na huyo mwenye shamba.

Lakini tusiwape wazee alama zote. Soma majina pale chini. Wanawake wanaoteka maji wako wapi? Vijana, ambao ndio hutumwa kupigana, nani aliwauliza? Na wale wa makabila madogo, kama Wawaata na Wamunyoyaya, wametajwa au wamewekwa kwenye "na wengineo"?

"Na wengineo" ni ndugu ya "au vijito vyake". Ukipata nakala ya mapatano ya mtaa wenu, anzia hapo kusoma.