Picha Kubwa, Sauti Ndogo: Tuisomeje Kilimanjaro ya David Breashears?

Utangulizi

Muhula uliopita tulifunga mapazia ya chumba cha semina hapa Nsambya, tukawasha projekta, tukatazama filamu mbili za Mmarekani David Breashears. Ya kwanza ni Everest (1998), aliyoiongoza pamoja na wenzake. Ya pili ni Kilimanjaro: To the Roof of Africa (2002). Lengo letu lilikuwa dogo: kuwazoeza wanafunzi wa mwaka wa pili kuzitumia istilahi za uhakiki nje ya riwaya na tamthilia. Hata hivyo, ubishi uliozuka siku ile haukuisha darasani. Uliendelea ukumbini, ukafika kwenye meza ya chai, na sasa umefika katika ukurasa huu.

Mwenzangu mmoja alishikilia kwamba Kilimanjaro ni anguko. Kwa maoni yake, mwongozaji aliyetuonyesha kifo na ujasiri kule Himalaya alikuja Afrika Mashariki kutuuzia kadi ya posta. Nilikubaliana naye. Si kukubali tu, bali niliandika hivyo pembeni ya insha ya mwanafunzi mmoja aliyeitetea filamu hiyo, nikampa alama chache. Makala haya ni jibu langu kwake, na kwa kiasi kikubwa ni kujisahihisha.

Picha kubwa ni nini?

Hatuwezi kuijadili kazi hii bila kueleza chombo kilichoitengeneza. Ukanda wa kawaida wa sinema una upana wa milimita 35. Ukanda wa kuonyeshea filamu za IMAX una upana wa milimita 70, tena hupita kwa ubavu, kila picha moja ikichukua nafasi ya matundu 15. Matokeo yake ni kwamba picha moja ya IMAX ina eneo linalokaribia mara kumi ya ile ya kawaida. Mfumo huu ulionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1970 katika maonyesho ya dunia ya Osaka, Japani. Kwa miaka mingi ulitumika hasa katika majumba ya sayansi na makumbusho, kwa filamu za dakika 40 hivi zilizohusu bahari, anga, wanyama na milima. Mbuga zetu nazo zilipigwa picha kwa namna hiyo, kama inavyoonekana katika Africa: The Serengeti ya mwaka 1994.

Faida yake inajulikana: jicho la mtazamaji linamezwa na picha. Gharama zake hazisemwi sana, nazo ni tatu. Kwanza, kamera ni nzito. Ile iliyopandishwa Everest ilibuniwa upya ili ipungue uzito, na bado ilikuwa na takriban kilo 19. Pili, inakula ukanda kwa kasi. Ukanda wa futi 500 waliokuwa wakiubeba kule juu ulitosha sekunde 90 tu, kisha mtu avue glavu kwenye baridi kali na kuweka mwingine. Tatu, na hili ndilo muhimu kwetu watu wa lugha, kamera hiyo ina kelele. Inanguruma kama cherehani kubwa. Kunasa mazungumzo ya kawaida mbele yake ni kazi ngumu.

Tunawafundisha wanafunzi kwamba fani na maudhui ni kama uso na kisogo. Huu hapa mfano wake. Kamera isiyoweza kusikiliza vizuri huzaa filamu za mandhari na msimulizi: watu wanaonekana wakitembea, na mtu mwingine anasema kwa niaba yao. Huo si uvivu wa mwongozaji, ni chombo kinachomvuta upande mmoja.

Everest: sauti iliyoletwa na msiba

Kwa nini basi Everest inatugusa? Mei 1996, Breashears na kikosi chake walipokuwa mlimani, dhoruba iliwaua watu wanane katika siku mbili, tarehe 10 na 11. Waliacha kupiga picha wakasaidia kuokoa. Tarehe 23 walipanda tena wakafika kileleni na kamera. Miongoni mwao alikuwa Jamling Tenzing Norgay, mwana wa Tenzing Norgay aliyefika kilele hicho mwaka 1953 pamoja na Edmund Hillary.

Tukiichunguza filamu tutagundua jambo. Sehemu ya msiba inatuingia kwa masimulizi ya watu kuliko kwa picha za tukio lenyewe. Watu wanakaa chini, wanasema yaliyowapata, na sauti zao ndizo zinazotukaza koo. Jamling naye ana hadithi yake: anapanda kumtafuta baba. Kwa maneno mengine, filamu hii haikusimama kwa ukubwa wa picha peke yake. Msiba ulilazimisha watu waseme, na mwongozaji akapata busara ya kuwapa nafasi.

Kilimanjaro: mlima bila msiba

Miaka minne baadaye Breashears alikuwa na mlima wa aina nyingine. Kilimanjaro, wenye mita 5,895, hupandwa kwa miguu na watu wasio na ujuzi wa kamba na shoka la barafu. Filamu inafuata kundi la wapandaji wa umri na nchi mbalimbali, akiwemo mtoto wa Kitanzania, wakiongozwa na Jacob Kyungai, Mchagga aliyeupanda mlima huo mara nyingi mno. Wanatoka kwenye mashamba, wanaingia msituni, wanapita kwenye vichaka na jangwa la juu, hadi kwenye barafu. Tabaka hizo ndizo muundo wa filamu.

Mwenzangu anasema: hakuna mgogoro, hivyo hakuna filamu. Hoja hii naiona dhaifu sasa. Safari ya polepole ina mvuto wake, na mlima huu ndiko neno hilo “polepole” linakobebwa na kila mgeni kurudi nalo kwao. Kutaka kila mlima uue watu ndipo tuuheshimu ni kosa letu watazamaji.

Hoja yangu ilikuwa nyingine: kwamba filamu inawatumia wenyeji kama pambo. Hapo ndipo mwanafunzi wetu aliponipinga. Binti huyu amekulia katika kambi ya polisi hapa Nsambya, mahali ambapo Kiswahili hakifundishwi darasani kwanza. Mtoto anakikuta uani, kwenye bomba la maji na dukani. Aliandika hivi, nami nafupisha: msimulizi alipokuwa akieleza habari za mlima, yeye hakuwa akimfuata. Alikuwa akiwatazama wapagazi. Walikuwa kwenye msururu wao, mizigo kichwani, wadogo kama siafu mbele ya mlima. Picha ndogo, alisema, ingewakata na kubaki na wageni peke yao. Picha kubwa haikuweza kuwaficha.

Niliisoma hoja hiyo mara moja nikaipita. Nimeirudia mara tatu, na naona ana haki. Picha pana haimwamrishi mtazamaji aangalie wapi. Mwongozaji anaweza kukusudia barafu, na mtazamaji akachagua mtu aliyebeba hema. Kwa hiyo uhuru wa jicho ni sifa ya fani hii, na ni sifa inayowanufaisha hasa wale ambao hadithi imewaweka pembeni.

Walakini hoja yake inaishia pale sikio linapoanza. Tuliwaona wapagazi, je, tuliwasikia? Wapagazi wa Kilimanjaro hujiita “wagumu”. Neno moja hilo lina ushairi, kejeli na malalamiko ndani yake. Mtu anayejiita mgumu anakueleza kazi yake, ujira wake na baridi yake kwa silabi tatu. Hadithi inayowasogelea watu hawa kwa macho bila kuwasogelea kwa sikio imebaki nusu.

Kibanda na ukumbi mkubwa

Hapa mfano wa Kampala unatusaidia. Katika vibanda vyetu vya video, picha ni duni: televisheni juu ya kabati, watu kwenye mabenchi, jua likipenya kwenye mbao. Lakini kuna VJ, yule mfasiri anayesema juu ya filamu kwa Kiganda, akitania, akionya, akimpa mhusika jina la mtaani. Kibanda kina picha ndogo na sauti kubwa. IMAX ina picha kubwa na sauti ndogo. Mtoto wa Kampala aliyezoea kibanda anajua kwamba filamu haijakamilika mpaka mtu aseme nayo kwa lugha yake. Tusimcheke. Anajua jambo ambalo wasomi husahau.

Baadhi ya wanafunzi walijibu kwamba picha kubwa si lazima iwe ya milima. Walimtaja Christopher Nolan, ambaye katika Oppenheimer (2023) alielekeza kamera hizo kwenye nyuso za watu ndani ya vyumba. Ni kweli. Uso wa Cillian Murphy unapojaza kiwambo, tunausoma kama mandhari: mikunjo, jasho, woga. Mfano huo unathibitisha kwamba chombo kinavuta upande mmoja lakini hakilazimishi. Breashears angeweza kumkalia Kyungai karibu zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Mtu aliyeishi na mlima miaka yote hiyo angebeba dakika kumi za filamu bila kuchosha.

Alikokwenda baadaye

Tungeishia hapo, hukumu ingekuwa kwamba Kilimanjaro ni filamu nzuri yenye kasoro ya sauti. Lakini kazi ya msanii husomwa kwa ujumla wake. Mwaka 2007 Breashears alianzisha GlacierWorks, mradi wa kurudi mahali ambapo wapigapicha wa zamani walisimama kule Himalaya na kupiga tena picha ileile, kwa ukubwa na undani wa hali ya juu. Alisimama, kwa mfano, aliposimama George Mallory mwaka 1921 juu ya barafu ya Rongbuk. Ukilinganisha picha hizo mbili unaona kwamba uso wa barafu umeshuka takriban mita 100. Aliendelea na kazi hiyo kwa miaka mingi. Alifariki Machi 2024.

Mtu akiijua kazi hii ya mwisho, anairudia Kilimanjaro kwa macho mengine. Barafu ya mlima huo ilikuwa na eneo la kilomita za mraba 12 hivi mwaka 1912. Kufikia mwaka 2000 zilibaki 2.6. Filamu ya mwaka 2002 iliinasa barafu hiyo kwa undani ambao kamera ndogo za wakati ule zisingeufikia, na tangu hapo imezidi kupungua. Ile niliyoiita kadi ya posta imegeuka hati ya ushahidi. Picha kubwa, kumbe, ina kazi nyingine mbali na kumshangaza mtazamaji: inahifadhi hata yale ambayo mpigapicha mwenyewe hakujua kwamba yatatoweka. Kwa msingi huu siwezi tena kusema kwamba kazi yake ya baadaye ni anguko. Alitoka kwenye tukio akaelekea kwenye ushahidi. Hilo ni badiliko la shabaha, nalo lilianza, naamini, kwenye mlima wetu.

Hitimisho

Msimamo wangu basi ni huu. Mwenzangu amekosea kudai mgogoro mahali pasipo na mgogoro. Mwanafunzi wetu amepatia kuhusu jicho. Nami nabaki na dai moja tu, la sikio: mlima huu umepigwa picha kubwa kuliko zote bila Kiswahili cha watu wake kusikika ipasavyo. Nimemwita binti huyo, nimempa alama zake, na nimemwomba radhi.

Dai hilo linatuhusu sisi kuliko linavyomhusu marehemu. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu wanaotoka katika idara hii wataingia madarasani mwa watoto waliozoea VJ na kibanda. Wakienda na vitabu vya sarufi peke yake watachekwa, na watastahili.

Kwa hiyo napendekeza zoezi. Kila mwanafunzi achague sehemu moja ya Kilimanjaro yenye urefu wa sekunde 90, sawa na ukanda mmoja wa Everest. Azime sauti. Aandike maelezo ya Kiswahili kwa niaba ya mmoja wa wale wanaoonekana kwa nyuma, wenye mizigo, kisha ayasome mbele ya darasa picha ikipita. Atagundua haraka jinsi sekunde 90 zilivyo chache, na jinsi lugha inavyobanwa na pumzi ya mtu anayepanda. Kazi zilizo bora tutazisikiliza pamoja katika chumba kilekile cha semina. Mwenzangu ameshakubali kuwa msahihishaji wa pili, ingawa bado anasisitiza kwamba filamu haina mgogoro.